Mbiu Isiyo na Jambo

"Nani?"

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mama yule, kabla hata sijamwamkia. Ilikuwa Jumamosi moja ya Julai, saa mbili asubuhi, kwenye njia ya miguu kati ya Lyulilo na Ikombe, kandokando ya Ziwa Nyasa. Mimi nilikuwa nakimbia. Nilivaa bukta na raba za rangi ya machungwa, na mgongoni nilikuwa na kibegi chenye chupa mbili za maji. Yeye alikuwa anakuja upande wangu, kichwani ana vyungu vitatu vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine na kufungwa kwa kamba. Nilitokeza ghafla kwenye kona ya mwamba. Aliponiona alisimama, akashika mzigo wake kwa mikono miwili na kuutua kwa haraka ambayo vyungu haviivumilii. Kimoja kiligonga jiwe kikapasuka.

Hakukiangalia. Alikuwa ananitazama mimi usoni.

"Nani?" akauliza tena. "Ni nani?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anauliza ni nani amekufa.

"Hakuna mtu, mama," nikasema huku nahema. "Nafanya mazoezi tu. Shikamoo."

Hakuitikia. Alikaa chini, juu ya jiwe lilelile, akaweka kiganja kifuani. Mumewe alikuwa ametoka kwenda kuvua usiku, na upepo wa kusi ulianza kuvuma kabla ya alfajiri. Ziwa lilikuwa limechafuka kiasi kwamba yeye mwenyewe, aliyezoea kupeleka vyungu sokoni kwa mtumbwi, aliamua kutembea. Halafu mbele yake akatokea kijana anakimbia.

Nimelibeba swali lake tangu siku hiyo. Kwake lilikuwa swali la kawaida. Kwangu limegeuka kuwa swali jingine: mtu ana haki gani ya kufanya mchezo kwenye njia ambayo wengine wanaipita kwa sababu hawana nyingine?

Nieleze kwanza nilifikaje pale. Mimi nimekulia Ikonda, wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe. Wengi wanaijua Ikonda kwa sababu ya hospitali ya wamisionari wa Consolata. Wagonjwa hutoka Mbeya, Iringa, hata Dar es Salaam, na wakishuka kwenye basi kitu cha kwanza wanacholalamikia si ugonjwa bali baridi. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Siku hizi nafanya kazi Njombe mjini, na ninakimbia na rafiki yangu mmoja anayeuza vipuri vya magari Makambako. Makambako ni njia panda: malori yanayokwenda Tunduma na mabasi yanayokwenda Songea yanaachana pale pale. Kukimbia kando ya lami hiyo ni kuvuta moshi na kuombea madereva wawe wamelala vizuri. Kwa hiyo tulianza kutafuta njia za porini.

Wazo la ziwa lilitokana na video. Rafiki yangu alikuwa anapenda kuangalia mashindano ya kuuzunguka mlima Mont Blanc, yaliyoanza mwaka 2003, ambako watu hukimbia usiku na mchana juu ya milima ya Ufaransa, Italia na Uswisi. Alikuwa ananionesha maziwa ya huko, maji ya bluu chini ya milima, na vijia vyembamba vinavyopita ukingoni. Siku moja nikamwambia: sisi tunayo hayo, tena yetu ni makubwa zaidi. Milima ya Livingstone inashuka ndani ya Ziwa Nyasa kama ukuta. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 470 hivi, kwa hiyo kutoka kwetu Ikonda hadi majini ni mteremko wa karibu kilomita moja na nusu kwenda chini. Na ukuta ule hauishii kwenye maji. Unaendelea kushuka humohumo, kwani kina cha ziwa kinazidi mita 700. Hakuna mahali pa kupitisha barabara kwa urahisi. Ukitoka Matema ukaelekea kusini, unachokuta ni njia ya miguu, mitumbwi, na vijiji.

Ikombe ni kijiji cha Wakisi, na Wakisi ni wafinyanzi. Wanawake wao wanafinyanga vyungu kwa mikono, wanavikausha, wanavichoma, kisha wanavipeleka kwenye soko la Jumamosi pale Lyulilo. Kutoka hapo vyungu husambaa nyanda za juu kusini kote. Chungu cha maharage cha mama yangu kule Ikonda kilitoka ziwani. Nilikuwa nakijua chungu hicho tangu utotoni, lakini sikuwahi kujiuliza kilipandaje mlima ule. Kilipanda kichwani mwa mtu.

Sasa turudi kwenye lile jiwe.

Nilitoa noti ya shilingi elfu kumi. Nilimwambia ni ya chungu na ya usumbufu. Akaniambia chungu ni elfu tatu. Nikasema hizo nyingine abaki nazo. Akafungua pindo la khanga, akaona hana chenji, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Umetoka Lyulilo?"

"Ndiyo, mama."

"Mitumbwi ya usiku imerudi?"

Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimepita ufukweni Lyulilo nusu saa tu kabla ya hapo. Nilisimama pale dakika kumi nzima. Niliyatazama mawimbi, niliitazama milima ikigeuka rangi jua lilipoipiga, nilipiga picha. Mitumbwi niliiona. Ilikuwa sehemu ya picha. Lakini kama ilikuwa mitatu au kumi, kama ilikuwa na maji bado au imekauka, kama watu walikuwa wanashusha nyavu au wamesimama wanatazama ziwani kwa wasiwasi, sikujua. Macho yangu yalikuwa mahali pale, mimi sikuwapo.

Nikakumbuka nina video. Nikamwonesha kwenye simu. Aliitazama bila kusema neno kuhusu uzuri wa jua. "Rudisha," akasema. "Hapo. Simamisha." Akasogeza uso karibu na kioo, akahesabu kwa midomo. Mtumbwi wa mumewe haukuwepo. Lakini ilikuwa mapema, akasema, labda wamefika baadaye. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto, na mtoto alikuwa mimi.

Kisha akanitazama miguuni. "Wewe una mbio," akasema. "Hela yako iliyobaki, nikimbilie. Nenda ukaulize kama wamefika, urudi uniambie."

Rafiki yangu alikuwa ameshatufikia. Akabaki naye kumsaidia vyungu viwili vilivyosalia, na mimi nikageuka.

Nimekimbia njia nyingi, na nina saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo, lakini sijawahi kukimbia kama nilivyokimbia asubuhi ile. Sijui kasi yangu ilikuwa ngapi kwa sababu nilisahau kubonyeza. Nakumbuka mawe niliyokanyaga. Sikumbuki ziwa. Lilikuwa mkono wangu wa kushoto njia nzima, na sikulitazama isipokuwa kutafuta mtumbwi. Niliwapita kinamama wengine watatu wenye mizigo, na kila mmoja alitua au akashika mzigo wake na kuniuliza kwa macho. Kwao safari hii nilikuwa na jibu: natumwa na mtu fulani, kuuliza habari fulani. Wakanipisha.

Mitumbwi ilikuwa imefika. Wavuvi waliukwepa upepo, wakangoja nyuma ya mwamba hadi kulipokucha. Mumewe alikuwa amekaa kwenye mchanga, anakula kiporo cha ugali. Nilipomwambia mke wake ananituma alicheka, akasema mwambie nipo, aje na chumvi. Nikarudi mbio. Nilipoiona khanga yake mbali nikapaza sauti kabla hajapata muda wa kunisoma usoni: "Yupo! Salama! Yupo salama!"

Akaniitikia sasa. "Marahaba, mwanangu," akasema, kana kwamba nilikuwa nimemwamkia muda ule ule.

Kwenye basi la kurudi, rafiki yangu alisema mambo yamekwisha vizuri. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Tulikwenda kucheza, tukaokota kazi. Nilitaka kukubaliana naye. Lakini kadiri basi lilivyopanda kuelekea kwenye baridi yetu, ndivyo nilivyoona kuwa ile kazi ya kukimbilia habari haikuondoa kosa la mwanzo. Nilikuwa naipenda mno sehemu ya pili ya hadithi kwa sababu ilinifanya niwe mtu mwema.

Kosa la mwanzo lilikuwa nini hasa? Kwetu mtu mzima hakimbii. Hata mvua ikinyesha anatembea, labda kwa hatua ndefu. Ukimwona mtu mzima anakimbia njiani, kuna moto, kuna mwizi, au kuna habari. Mahali ambako gari halifiki, na simu inashika mtandao ukipanda jiwe fulani tu, mbio ni lugha. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na miguu inayokimbia kwenye njia ya ziwani ni mbiu. Hata marathoni, mchezo unaopendwa duniani, ulizaliwa hivyo: hekaya ya Wagiriki inasimulia juu ya mtu aliyekimbia kutoka Marathon hadi Athens kupeleka habari ya vita, akaitoa, akafa. Michezo ya Olimpiki ilipoanzishwa upya mwaka 1896 waliiga mbio zake. Walichukua miguu ya mjumbe, ujumbe wakauacha.

Kwa hiyo mimi nilipiga mbiu isiyo na jambo. Je, nilisema uongo? Mtu atasema hapana, kwani uongo unahitaji nia, na mimi sikuwa na nia ya kumdanganya yeyote. Ni kweli. Lakini fikiria mtu anayeingia kanisani usiku wa manane akavuta kengele ili asikie mlio wake. Hana nia ya kudanganya. Anapenda sauti. Kijiji kizima kinaamka, wazee wanatafuta viatu gizani. Utamwambia nini? Utamwambia kwamba kengele si yako peke yako. Ina maana ambayo wengine wameilipia kwa muda mrefu, na wewe umeitumia maana hiyo bila kuwauliza. Nadhani hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na si uongo. Ulikuwa ugeni, wa mtu anayejiona mwenyeji kwa sababu tu ngozi yake na lugha yake ni za pale.

Wiki iliyofuata nilikwenda Ikonda kumwona mama. Nilimsimulia yote. Alisikiliza huku anamenya viazi, na nilipomaliza aliuliza kitu kimoja: "Kwani wewe ulikuwa umetumwa na nani?"

"Sikutumwa, mama. Nilikuwa nakimbia tu."

"Nilijua tu," akasema. "Maana mwaka ule ulitumwa, na ulikimbia vizuri."

Mwaka ule ulikuwa 2005. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumba yetu wakati huo ilikuwa bondeni, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka hospitali. Mama alikuwa na ujauzito wa mdogo wangu, na uchungu ulianza usiku vibaya. Baba alikuwa safarini. Mjomba alikata mianzi miwili, wakafunga blanketi, wakatengeneza machela. Walikuwa wanaume wanne tu, na mlima ule wanne hawautoshi. Mjomba akanishika bega akaniambia: kimbia mbele, gonga kila mlango, waambie waje kupokezana.

Nilikimbia. Kila mlango niliogonga ulifunguka na neno lilikuwa lile lile. "Nani?" Nami nilikuwa najibu: "Mama, lakini bado." Sikuona kama kuna maneno mengine. Mlango wa tatu, wa nne, wa saba: "Mama, lakini bado." Watu walitoka wamejifunga mablanketi, wakashuka gizani bila kuniuliza la pili. Walifika hospitali kumi na wawili. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Nilikuwa nimesahau neno hilo. Sijui mtu anasahauje kitu kama hicho, lakini nilikuwa nimelisahau kwa miaka ishirini, mpaka mama mmoja alipoliuliza kwenye njia ya ziwani, na mimi nikasimama na raba zangu za rangi ya machungwa nikashindwa kuelewa anachosema.

Rafiki yangu wa Makambako ni mbishi mzuri, na nilipompigia simu kumweleza hayo alinikatalia. Alisema ninataka kuifanya huzuni iwe mlinzi wa lango la furaha. Kama tusubiri mpaka kila kijiji kipate barabara, zahanati na mtandao ndipo tucheze, basi hakuna atakayecheza, na wale wanaoteseka hawatapungukiwa mateso hata chembe. Halafu akasema jambo lililonichoma zaidi. Ulipopita ufukweni, akasema, uliwaona wale vijana wa Kikisi wakiruka kutoka kwenye miamba kuingia majini? Ni maji yaleyale yanayoua baba zao. Walikuwa wanacheka. Wewe unadhani uzuri wa ziwa lile ni wa wageni tu, na wenyeji wamepewa taabu peke yake. Hiyo nayo ni dharau.

Alikuwa sahihi, na nilipata shahidi wake nyumbani kwetu. Nilimwuliza mama anakumbuka nini kuhusu usiku ule wa machela. Nilitegemea atasema maumivu. Alisema nyota. Alikuwa amelala chali, wanaume wanapokezana, mianzi inalia, na juu yake mbingu ya Makete mwezi wa kiangazi. Alisema hakuwahi kuzitazama nyota kwa muda mrefu vile, kwa kuwa siku zote akiwa nje usiku alikuwa na kitu cha kubeba. "Zilikuwa nzuri," akasema, na akaendelea kumenya viazi.

Basi si kweli kwamba uzuri unahitaji mtu aliyeshiba na asiye na haraka. Na si kweli kwamba kuuona uzuri mahali pa taabu ni dhambi. Tatizo liko mahali pengine, na nililipata nilipofikiria ile mashine ya kukimbilia iliyoko kwenye majumba ya mazoezi ya mijini. Babu yake alikuwa adhabu. Mwaka 1818 Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyaga kwa ajili ya magereza. Wafungwa walipanda ngazi zake kwa saa nyingi kila siku, mara nyingi bila kusaga wala kuzalisha chochote. Uingereza iliiacha adhabu hiyo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Leo watu wanalipia kila mwezi ili wakimbie palepale bila kufika popote. Miguu ni ileile, jasho ni lilelile. Kinachotofautisha mazoezi na mateso ni kitufe cha kuzimia. Anayeweza kubonyeza na kushuka anacheza. Asiyeweza anatumikia.

Ndiyo maana taabu ya hiari haiwezi kunifundisha taabu ya lazima, hata nikikimbia kilomita mia. Wakimbiaji tunapenda kusema tunajua maana ya kuvumilia. Tunamtaja John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza giza limeingia, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Ni haki kumheshimu. Lakini tunamheshimu hasa kwa sababu alijiona ametumwa na watu, na hakutaka kurudi na kazi nusu. Mama wa Ikombe hakuna anayempigia makofi akifika Lyulilo. Yeye anatumwa na chumvi, daftari na sare za shule, kila Jumamosi.

Lakini nina ungamo ambalo sikumwambia rafiki yangu kwenye simu. Siku ile kabla hatujaanza kukimbia, kijana wa bodaboda aliyetuleta Lyulilo alituambia watu wa mwambao wanaingoja barabara. Aliongea kuhusu vijiji vilivyo mbele zaidi, upande wa Ludewa, Lumbila na Kilondo, ambako ziwa likichafuka mjamzito anangoja upepo utulie. Kuna meli, MV Mbeya II ilianza safari mwaka 2021, lakini meli haipiti kila siku. Barabara ikija, alisema, mambo yatabadilika. Na mimi, niliyebebewa mama yangu kwenye mianzi, nilitazama ule ujia mwembamba kati ya mwamba na maji, nikasema moyoni: isije haraka.

Niliitaka njia ile ibaki kama ilivyo. Nilitaka nirudi nayo mwakani, nilete wenzangu, nipige picha nzuri zaidi. Uzuri niliokuwa naupenda ulikuwa ni ule wa mahali pasipo na barabara, na mahali pasipo na barabara ni mahali ambapo watu wanauliza "nani?"

Hapo ndipo naona kipimo, na ninakitoa kwa msomaji anayependa milima kama mimi. Usijiulize kama una haki ya kufurahi kwenye njia ya taabu ya wengine. Watakaokufukuza ni wachache, na wengi watakukaribisha chai. Jiulize kama furaha yako ingekubali kufa ili taabu yao ife. Kesho greda likifika Lyulilo na kuanza kuvunja ule mwamba, ujia wangu ukawa barabara ya vumbi yenye bodaboda na malori ya vyungu, nitafurahi au nitaandika kwenye mtandao kwamba wameharibu paradiso? Furaha inayosema "afadhali nipoteze" ni furaha safi, hata kama imezaliwa mahali pabaya. Furaha inayosema "wabaki hivyohivyo, panapendeza" imeshakuwa upande wa mateso, hata kama inatabasamu na kugawa pipi kwa watoto.

Najua kipimo hiki kina udhaifu. Kutamani hakugharimu kitu. Naweza kuitamani barabara yao nikiwa nimekaa Njombe kwenye kiti, na jioni nikalala vizuri. Sina uwezo wa kujenga barabara, na kuandika insha si kujenga barabara. Kwa hiyo nimejiwekea mambo madogo ambayo mwili wangu unaweza kuyafanya. Nikiwa kwenye njia ya watu, kona ikija natembea. Nikimwona mtu mbele, napaza sauti kutoka mbali: "Salama! Mazoezi tu!" Nasalimia kabla sijapita, na mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Rafiki yangu ananicheka, anasema muda wangu umeharibika. Umeharibika kweli.

Na jambo la mwisho, ambalo ni gumu kuliko hayo: najaribu kutazama kama anavyotazama mtu mwenye mtu wake pale.

Mwishoni mwa Septemba tulirudi Matema. Upepo ulikuwa umetulia, na ziwa lilikuwa bapa mpaka upande wa Malawi. Nilisimama ufukweni Lyulilo kama mara ile ya kwanza. Nilipiga picha moja. Kisha niliweka simu kwenye kibegi nikaanza kuhesabu. Nilipofika karibu na ule mwamba nilipunguza mwendo, na nyuma ya kona nikamkuta mzee mmoja anatembea na fimbo. Nilimwamkia. Akaitikia, akanitazama raba, akauliza natoka wapi.

"Lyulilo, babu."

"Mitumbwi imerudi mingapi?"

"Kumi na minne," nikasema. "Na mmoja ulikuwa unaingia."